Mvutaji wa Mikanda

Fundi wa kukagua mikanda ya magari hashangazwi na rangi inayong'aa wala taa za mviringo za gari la kale. Huvua viatu, huketi ndani ya gari, hukanyaga kizingiti kwa nyayo zote mbili, kisha huuvuta mkanda wa usalama huku akiimba kwa sauti nyembamba isiyolingana na mikono yake minene. "Bolti ya mkanda iliyoshika bati tupu," husema, "imeshika hewa, na roho ya mtu haifungwi kwenye hewa!"

Leo mwenye gari, aliyeliunda upya mwenyewe uani na ambaye kesho atamsafirisha mama yake, alimcheka: "Vuta, fundi! Hiyo haing'oki hata kwa trekta." Fundi akavuta. Kabla ya ubeti wa pili, bolti ilichomoka na kipande cha sakafu, naye akapaa kinyumenyume kupitia mlango wa pili uliokuwa wazi hadi ndani ya beseni la povu la kuoshea gari, miguu juu, mkanda mkononi, akicheka hadi machozi. Mama wa mwenye gari, aliyekuwa kando akitazama, akacheka akishika mbavu.

"Kumbe mwanangu ulitaka kunirusha hivi! Safari ipo, ila kwanza kiwekwe chuma kinene chini ya hiyo bolti, kisha fundi avute tena. Na beseni liachwe papo hapo."