Kioo Kilichofunikwa Kiangazi

Ngurumo ikianza upande wa mlima Kwaraa, bibi huniita hata kama nipo chooni: "Paulina, funika kioo!" Kwetu Nangara, Babati, kioo hakiachwi wazi radi ikipiga; wanasema kinaivuta. Nakifunika kwa kitenge kilekile cha mama, na harufu yake, ambayo labda naibuni tu, hunirudisha darasa la tatu.

Mwaka ule mama aliugua. Alilala chumbani, mlango wazi, nami nilikaa sebuleni nikichambua maharage. Niliogopa kumtazama usoni, alivyokonda. Kisha nikagundua kwamba kutoka kwenye kigoda changu, kioo cha ukutani chenye fremu nyekundu kilinionyesha mto wake na uso wake wote. Nikawa namwangalia humo, kama mtu anayechungulia dirishani. Nililia pia, kimyakimya, machozi yakidondokea maharage. Nilijiambia: mimi namwona, yeye hanioni.

Siku moja akaita, "Paulina, mwanangu, funika kioo. Radi."

Kilikuwa kiangazi, vumbi tupu. Jirani yetu Mama Paskali, aliyekuwa ameleta uji, akacheka. "Radi gani, Mama Paulina? Hata wingu la dawa hakuna!"

"Babati hii," mama akajibu, "we unaiamini?"

Nikafunika. Kila nikifunua kidogo, anaita tena, "Radi, mwanangu." Nikadhani ugonjwa unamchanganya. Nilipokua kidogo nikadhani hakutaka kuona sura yake.

Alifariki kabla ya mvua. Ngurumo ya kwanza ilipopiga, bibi alikimbilia kioo, akakuta kimeshafunikwa.

Juzi mwalimu wa fizikia alisimamisha kioo mbele ya darasa, akamweka mwenzangu Daudi kushoto mwa kioo na mimi kulia. Na aibu zangu hizi, nilitazama kioo kwa kuibia.

"Unayaona macho yake?"

"Nayaona, mwalimu."

"Basi naye anayaona yako. Mwanga unapita njia ileile, kwenda na kurudi."

"Paulina kakamatwa!" darasa likapiga kelele.

Sikucheka. Niliuona ukuta wetu, kigoda, maharage. Kumbe mama alikuwa akiniona nikilia, siku zote zile, na hakuwa na nguvu za kuinuka aje anifute machozi. Angesema "usilie," ningejua ananiona, nami ningekufa kwa aibu. Ndiyo maana akasingizia radi.