Kidole cha Bwana Kabati

Kazini walimwita Bwana Kabati, na jina hilo alilivaa kama suti. Karani wa masjala, miaka thelathini na mmoja katikati ya mafaili ya viwanja, vumbi mpaka kwenye kope. Wewe mtajie babu yako tu. Yeye anakwenda moja kwa moja kwenye faili, bila hata miwani.

Ikaja kompyuta. Kila karani aweke kidole kwenye kioo kidogo, ifunguke, imhesabie kazi zake. Baada ya miezi mitatu, wa mwisho kwenye orodha anakwenda nyumbani.

Bwana Kabati akaweka kidole. Ikakataa. Akakifuta kwenye suruali, akakilamba, akakirudisha. Wapi! Karatasi zilishamsugua alama zote, kidole kimebaki laini kama kipande cha sabuni.

"Mzee, kumbe wewe mzimu!" tarishi akaangua kicheko.

Aende kwa mkuu wa idara akaseme hana alama za vidole? Yeye? Haya zikamshika. Akamwita karani mgeni, binti wa mdogo wake, ambaye mzee mwenyewe ndiye aliyemhangaikia mpaka akaajiriwa.

"Mwanangu, niwe nafungua kwa kidole chako. Iwe siri yetu."

"Hamna shida, Baba Mkubwa."

Miezi mitatu binti akaweka kidole asubuhi, kisha akashinda kwenye simu. Mzee akapanda ngazi, akatafuta, akaandika, jasho likimlowesha mgongo. Na kila faili, mashine ikamwandikia mwenye kidole.

Orodha ikabandikwa. Binti wa kwanza. Mzee sifuri, hajafika kazini hata siku moja.

Mkuu akawaita wote wawili.

"Mzee, mimi nakuona kila siku. Mashine ndiyo haikuoni."

"Mwanangu, mwambie kazi ile ni ya nani."

Kumfungulia mwenzako ni kosa la kufukuzwa, na binti alilijua. Akatazama kucha zake.

"Baba Mkubwa alikuwa anakuja kunisalimia tu."

Mkuu akasukuma barua. Mzee akasaini kwa ule mwandiko wake wa kujivunia, akatoka.

Hajafika mwisho wa korido, viatu vya binti vikamfuata kwa mbio.

"Baba Mkubwa, ngoja kwanza! Kuna mama anataka faili la kiwanja cha marehemu mumewe. Liko wapi?"

"Nyuma ya mlango, rafu ya tatu, jalada la kijani."

Mdomo ulijibu kabla hasira haijafika. Ilipofika, binti alishageuka zamani, hata asante hakusema.