Mbio za Naserian

Mwanangu, nikikuona na filimbi yako ukiwazungusha watoto uwanjani hapa Kitengela, nakumbuka siku moja niliyokataa kumwamini dada yangu.

Naserian alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi ishirini. Tulikaa upande wa Isinya, enzi hizo nyasi tupu, bila nyua wala magorofa. Alikimbia kwa raha tu: akitumwa maji anakimbia, akiitwa anakimbia, huku akicheka. Nami, kwa vile nilikuwa nimeshindwa kuwa mwanariadha, nikaamua yeye atakuwa bingwa. Nikamkimbiza asubuhi na jioni, kila siku, mwendo wangu mimi mtu mzima.

Baada ya wiki kadhaa akaniambia, "Kaka, goti linaniuma hapa chini."

"Huo ni uvivu. Kaza mwendo!"

Akakimbia akichechemea, mpaka akaketi chini akalia. Nyanya yetu alikuwa akikamua ng'ombe. Akaweka kibuyu chini, akaja, akalishika lile goti lililovimba.

"Nyanya, samaki mkunje angali mbichi," nikajitetea.

"Kukunja si kuvunja," akasema. "Nani huswaga ndama mwendo wa fahali? Mfupa wa mtoto bado unakua. Mwache akimbie kidogo, apumzike, acheze, arudie mwenyewe. Hivyo ndivyo anavyopata nguvu."

Lakini sikusikia. Juma lililofuata nikamtoa tena kwa siri. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ubaya ni kwamba guu lililoumia halikuwa langu.

Daktari kule Kajiado alimpumzisha miezi mingi. Goti likapona. Ile furaha haikupona. Sikumwona akikimbia tena. Leo ni mama wa watu, anaishi Embulbul, na hunipigia simu kila Jumapili. Hana kinyongo. Ni mimi tu, katika uzee huu, ninayetamani kumwona akija mbio mara moja, akicheka, na najua sitamwona.

Basi, mwanangu, mazoezi ni mema. Mwili wa mtoto huyataka kama mche unavyotaka maji, ila maji yakizidi mizizi huoza. Wape michezo ya kila aina. Wape siku za kupumzika, chakula, usingizi. Mtoto akisema anaumwa, mwamini. Na ndoto yako ibebe mwenyewe, usimtwike yeye.

Enkai, Mungu wetu, akupe mkono mpole, na hao watoto wakukimbilie kwa furaha hata utakapokuwa na mvi kama zangu.