Kipimo Kilichoambiwa Kisubiri Jumatatu

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka huu huu, nilimpoteza Deus, kitindamimba wangu. Aliangukiwa na mwamba ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, kwenye machimbo yaliyo nje ya mji wetu wa Mpanda. Mwanangu unayenisoma, mimi si mtu wa maneno mengi. Niliishia darasa la saba, nauza chakula machimboni, na kwenye misiba ya wenzangu hukaa pembeni nikachambua mchele. Lakini huu ni msiba wangu, na una watu wa kuulizwa.

Kwanza nikurudishe Mwamkulu, nilikokulia. Baba yangu alikuwa mchimba visima. Akiona ufa kwenye ukuta wa kisima, aliupaka tope laini akaliacha likauke. Tope likikatika, maana yake ukuta umesogea, na hakuna mtu wa kubaki chini. Mimi nilikuwa msichana wa kuvuta ndoo ya udongo. Siku moja baba akiwa chini, niliinama nikaona lile tope limekatika katikati. Nikamnong'oneza msaidizi wake. Akacheka. "Wewe binti, vuta ndoo. Haya mambo yana wenyewe."

Baba akasikia kicheko, akauliza kuna nini, akaambiwa. Alipanda juu palepale, jembe akaliacha chini. Akamgeukia msaidizi: "Ameshasema tope limekatika. Ulikuwa unasubiri aseme nani?" Kisha akanigeukia mimi, na hapo ndipo nilipochomwa: "Na wewe! Mimi niko shimoni, unanong'ona? Paza sauti, hata kama wakubwa wanacheka." Kisima kile tulikiacha. Sijui kama ukuta ule ungeanguka kweli. Baba hakutaka kulijua hilo akiwa ndani yake.

Sasa nirudi kwa Deus. Mwaka jana walikuja watafiti wawili kutoka chuo, kijana wa kiume na binti anayeitwa Hepi, wa umri wa Deus. Walitaka kujua miamba ya machimbo yetu inabeba mzigo kiasi gani, na inakuwaje maji ya mvua yakiingia kwenye nyufa. Walikuwa wakila kwangu. Hepi alikuwa na kiroba cha mawe, kila jiwe ameliandika namba, na vijana hawakumwacha apumue.

"Dada, hilo jiwe unalipeleka chuo likasome?" Shija, rafiki yake Deus, alimuuliza.

"Linaenda kubanwa kwenye mashine mpaka livunjike."

"Masikini! Kumbe huko hata mawe yanafeli!"

Hata Hepi alicheka, chai ikampalia. Ila alipomaliza kucheka aliwaeleza vizuri. Mwamba hauanguki ghafla kama tunavyosema. Unaanza kwa kusogea kidogo, jicho halioni. Ufa ukijaa maji, maji yanausukuma. Kwa hiyo wakabandika vibati viwili ndani ya duara, kimoja kila upande wa ufa, wakawa wanapima nafasi iliyo katikati. Nafasi ikiongezeka, watu watoke. Nilimsikiliza nikamkumbuka baba na tope lake.

Lakini machimboni kwetu kuna mwiko. Mwanamke hashuki duarani, eti dhahabu itakimbia. Mimi mwenyewe chakula nilikuwa nakifikisha kwenye turubai la kivuli tu, siendi mbele. Basi mwenzake Hepi ndiye aliyeshuka na kusoma, Hepi akabaki juu anaandika. Kazi ni yake, vibati amebandikisha yeye, lakini kuviona haruhusiwi.

Ile Ijumaa, siku moja kabla ya msiba wangu, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na mwenzake alikuwa amesafiri kumuuguza baba yake. Hepi akaja peke yake kwa bodaboda, matope mpaka magotini. Nilikuwa nagawa uji, nilisikia kila neno. Alimwendea Baba Jeni, msimamizi wa duara.

"Kaka, naomba nishuke nisome vibati tu, nipande."

"Mwenzako anarudi lini?"

"Jumatatu."

"Basi kipimo kisubiri Jumatatu. Humu hashuki mwanamke, hata angekuwa mama yangu mzazi."

"Sawa. Kama kipimo kinasubiri, na watu wasubiri. Msishushe mtu yeyote mpaka Jumatatu."

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Dada anataka tukale yale mawe yake!" Hepi akawaacha. Alikaa kwenye benchi langu kwa muda, kisha akaondoka.

Kazi haikusubiri Jumatatu, mwanangu. Kilichosubiri ni kipimo.

Jioni ile, nyumbani Kawajense, nilimwambia Deus asiende. Akasema, "Mama, ufa ule hata mimi siupendi. Ila nikigoma peke yangu wataniambia nimetishwa na mwanamke. Jumatatu si hii hapa?" Kesho yake mchana Shija na wenzake walimtoa kwenye kifusi, wakamleta amefunikwa turubai.

Msibani Baba Jeni alisimama na kofia mkononi. Akasema Deus amechukuliwa na Mungu, nasi hatuna la kusema. Nikavumilia. Lakini nyuma ya nyumba, wanaume wakiota moto, nikasikia maneno mengine: yule binti alisimama kwenye mdomo wa duara, ndiyo maana mwamba ukachukia. Na Hepi mwenyewe alikuwa ndani, amekaa mkekani na akina mama, macho yamevimba. Aliyeomba watu wasishuke ndiye anayeitwa muuaji! Waliowashusha wanakunywa chai yangu!

Nilitoka nje nikiwa na upawa mkononi. "Baba Jeni, Mungu mnamsingizia, na huyu mtoto wa watu mnamsingizia. Mungu hakusema kipimo kisubiri. Ulisema wewe, nikiwa nagawa uji, na nyie wote mkacheka." Shemeji yangu akanishika bega: "Mama Deus, una uchungu, kapumzike." Kweli nilikuwa na uchungu, lakini hata bila uchungu ningesema vilevile.

Baada ya kuanua matanga walichinja kuku mweupe kwenye mdomo wa duara, wakasema sasa pametakata. Vibati vya Hepi havikusomwa. Shija akaja kuniaga usiku wa kuamkia kazi, amekaa kwenye kiti cha Deus, anazungusha kofia ngumu magotini.

"Mama, nisipokwenda watanicheka."

Nilimjibu hivi, na wewe mwanangu nakujibu hivyo hivyo. Wacha wakucheke. Kicheko kinaisha jioni ileile. Mtu aliyepima akikwambia pana hatari, mwulize amepima nini na ameonaje, usimwulize amevaa suruali au kanga. Mwiko unaomzuia anayejua asiingie mahali penye kifo, ukatae mchana, watu wakisikia. Ukiona ufa, paza sauti, na kama hawasikii, ondoka na miguu yako. Na mtu akifa kwa uzembe wa mtu, usikubali Mungu asingiziwe ili mwenye uzembe apate usingizi. Mungu akulinde juu ya ardhi na chini yake, akupe macho ya kuona mapema na kinywa kisichoogopa, na mama yako asikupokee kamwe ukiwa umefunikwa turubai.

Shija akavaa kofia yake, akaniaga. Alfajiri alikwenda machimboni. Wenzake wamenisimulia kwamba Baba Jeni alipomwita ashuke, Shija alimwambia mbele ya wote, "Mwiteni dada Hepi ashuke kwanza asome." Baba Jeni akatema mate chini, akasema duara halina uhaba wa wanaume. Wengine wakashuka, na mpaka leo wanashuka.

Shija aliacha kofia yake juu ya jiwe akatembea kwa mguu mpaka kwangu. Alifika jua limepanda. Nilimpakulia ugali na dagaa, akala, akaomba niongeze.