Jina la Manowari Mwambani

Juzi nilirudi Matrah nilikokulia, na kopo la rangi mkononi. Si rangi ya kununua dukani. Ni rangi yangu mwenyewe, inayotoka kiwandani kwangu Rusayl, na jina langu limechapwa ubavuni mwa kopo. Sioni haya kujisifu mbele yako, rafiki yangu. Nililetwa Maskati mtoto mdogo, katika aila iliyotoka Unguja na mabegi ya nguo tu. Nikasoma, nikaenda Uingereza, nikarudi na stashahada ya kemia ya rangi. Leo meli kadhaa za pwani hii zimevaa rangi yangu. Nitajie mwengine wa mtaa wetu aliyefika hapo.

Nikakodi mashua, nikamwambia kijana mwenye mashua anipeleke bandari ya Maskati, kwenye mwamba wa jina.

"Jina gani, ami?" akaniuliza.

Hajawahi kulisikia.

Basi nikueleze wewe. Zamani majabali ya bandari ile yalijaa majina ya manowari. Mabaharia wa Kiingereza walipotia nanga walipanda na kamba, wakaandika jina la meli yao kwa herufi nyeupe kubwa. Jina moja lilikuwa letu. Baba yake bibi yangu aliajiriwa Unguja kuchochea makaa kwenye manowari hiyo, na kwa kuwa alijua Kiarabu, akafanywa mkalimani wa luteni mmoja kijana, aliyetumwa huku kukamata vyombo vinavyopitisha bunduki. Siku ya kuandika jina, baba yake Bibi ndiye aliyening'inia na brashi.

Kwa hivyo tulipofika Matrah, na watoto wa mtaa wakituita Zinjibari, yaani watu wa Unguja, kama tusi, Bibi aliomba kupelekwa kuyatazama majabali. Akaonyeshwa jina, akasomewa. Alilia, kisha akacheka. "Baba kafika hapa kabla ya baba zao," akasema. Tangu hapo, kila mwaka joto likivunjika, ami yangu alitupakia mashuani tukalipake upya. Bibi hakujua kusoma herufi za Kizungu, lakini alikaa na mwavuli wake akiamrisha: "Hiyo ya mwisho inenepeshe! Imekonda kama wewe!" Nnasikia mpaka leo harufu ya ile rangi, imechanganyika na chumvi na mkate wa ufuta aliotufungia kwenye kitambaa.

Ukuta wa jiko letu ulikuwa mfupi, na upande wa pili aliishi jirani, mama wa Kiomani aliyezaliwa Tabora. Yeye na Bibi walishikana kama ndugu. Vitumbua vilivuka ukuta asubuhi, samaki wa kukaanga jioni, na sahani haikurudi tupu hata siku moja. Ikija na kitu, irudi na kitu.

Alasiri moja Bibi alikuwa na wageni. Kahawa ya iliki inazunguka, halwa imefunuliwa, naye kama kawaida akaanza habari za Luteni, kwamba alikuwa hodari, kwamba cheo alikipata katika maji haya haya, baba yake Bibi akiwa ubavuni.

"Manowari gani hiyo, shoga?" jirani akauliza. Miaka yote ile alikuwa amesikia "manowari ya baba" tu. Bibi akalitaja jina, kwa madaha.

Jirani akaweka kikombe chini.

"Hiyo ndiyo iliyochoma chombo cha baba yangu. Alibeba tende, na bunduki chache za kujilinda. Alimwambia mkalimani yote hayo. Maneno yalipomfikia Luteni, tende zilikuwa zimepotea, zilibaki bunduki tu. Baba akakimbilia bara kwa deni na aibu. Unafikiri mimi nilizaliwa Tabora kwa kupenda hewa?"

"Baba yangu alifasiri kila alichoambiwa!"

"Ulikuwepo, mwenzangu?"

"Na wewe ulikuwepo?"

Mgeni mmoja akasifu halwa. Jirani akavaa kandambili zake akatoka, na sahani yake ya maua mekundu ikabaki jikoni kwetu.

Bibi aliiosha kila wiki. Kuirudisha tupu hakuweza, na kuijaza hakuweza pia. Joto lilipovunjika, ami akauliza, "Tunakwenda, mama?" Alizungusha bangili mkononi.

"Twende," akasema. "Nisipolipaka, watasema nimekiri."

Safari hiyo hakuamrisha neno. Tuliporudi, jirani alikuwa juu ya dari anaanika nguo. Alitazama mikono yetu myeupe, akamaliza kuanika, akashuka. Kabla ya Ramadhani walihamia Wattaya bila kuaga. Mwaka uliofuata ami alipouliza, Bibi alisema mguu unamuuma. Kila mwaka mguu ukamuuma, mpaka akafariki.

Nilipokuwa Uingereza, katika makumbusho ya mji niliosomea, nilimkuta Luteni. Jina la manowari yetu lilikuwa chini ya picha yake. Alianza kazi mtoto, akapanda cheo kwa kazi ya Ghuba, akawa kamanda, mwisho admirali mwenye nishani kifua kizima, akafa kitandani kwake. Nilisoma kila neno nyuma ya kioo cha picha ile. Mkalimani hakutajwa. Chombo hakikutajwa. Nikasimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Leo nyumba ya Matrah imebomolewa pamoja na ule ukuta. Jirani naye amefariki, na ilipokuwa nyumba yao Wattaya panauzwa magari. Sahani iko kabatini kwangu. Na uhodari wangu wote, sijui nimpe nani, na iwe na nini ndani.

Mashua ikasimama chini ya mwamba. Jua lilikuwa limekwisha kula herufi zote, na sikuweza tena kusema zilianzia wapi. Nilikuja kulirudisha jina ili wajukuu wangu walione. Nikaliweka kopo magotini.

"Unapaka au hupaki, ami?" kijana akauliza.

Rangi ya Bibi ilikuwa rangi dhaifu. Kila mwaka ilimpa nafasi ya kuamua upya. Yangu haibanduki kwa jua wala kwa chumvi.

Nikamwambia turudi.