Malika na Divai ya Claudine

Malika aliuza mananasi Lubunga, ng'ambo ya mto, na maisha yake yote hakuwahi kutia tone la pombe mdomoni. Kwao ni Wangwana, Waislamu tangu babu wa babu. Ila mteja wake mkubwa alikuwa jirani yake Claudine, aliyeyageuza mananasi hayo kuwa divai katika mapipa ya plastiki nyuma ya nyumba, na katika urafiki wao mambo ya dini hayakuulizwa.

Jumamosi moja Claudine aliamka shavu limevimba kwa jino, mdomo haufunguki, na wageni wake wa Jumamosi, wanaokuja kuonja divai, wameshavuka mto. Alimshika Malika mkono, akamsukuma mbele yao, akaenda kulala.

Wageni walitoka ofisi moja ya mjini. Aliyewaongoza ni mkubwa wao, Arsène, waliyemwita Tonton, yaani mjomba, bwana wa nywele nyeusi tititi, ambaye tangu mtumbwini alikuwa akiwasimulia wenzake divai za Ulaya. Alifuatana na Hilaire na Benie, wanaocheka mkubwa akicheka, na mama mmoja mnyamavu, Josée.

Malika aliwatembeza vizuri kuliko alivyojitazamia. Mananasi aliyajua. Aliwaonyesha beseni la kumenyea, akawainamisha mmoja mmoja watege sikio kwenye pipa, wasikie divai ikichemka polepole kama mtu anayewanung'unikia wakwe. Alipokosa la kusema, alitunga. Pipa la kona, alisema, halipendi watu wenye wivu, likiwaona linanyamaza. Hilaire akarudi nyuma kabla halijanyamaza.

Taabu ilikuja mezani. Malika alimimina divai ya nanasi, Arsène akaivuta bilauri, kisha akairudisha mbele ya Malika.

« Mama, mutu mwenye anamimina ndiye anakunywa wa kwanza. Ni coutume. »

Na kweli ndiyo desturi, mgeni ajue hakuna sumu. Malika alipiga hesabu haraka. Akisema ukweli, ataharibu kazi ya Claudine, na kunywa haiwezekani. Akatafuta njia ya tatu.

« Bon, kwa wengine iko vile, » alisema kwa upole. « Hapa kwetu, mukubwa wa miaka ndiye anaanza. Sasa ni nani mukubwa kati yenu? »

Macho yote yakaenda kwa Arsène. Arsène akatazama bati la paa, akasema huenda ni Josée. Josée akajibu kwamba yeye alipoanza shule ya msingi, Tonton alikuwa keshaoa. Arsène akaapa kuwa alioa mapema mno. Benie alicheka kwa kujisahau, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Malika akachochea kuni: kama miaka haijulikani, basi aanze aliyetangulia kuota mvi. Mkono wa Arsène ukapanda kichwani wenyewe.

Josée alichoka. Alisema heri aitwe bibi kuliko kufa na kiu, akachukua bilauri, akainywa yote, akaomba nyingine. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka desturi.

Wakati wa kuaga, Arsène, sasa mchangamfu, alimwuliza Malika yeye mwenyewe hupenda divai ipi. Malika angeweza kutunga tena, lakini alikuwa ameshaanza kumhurumia.

« Papa, sijaonjaka hata moja, » alisema. « Miye iko mwislamu. »

Arsène aliwageukia wenzake, akawaambia alijua tangu mwanzo. Aliondoka na katoni nzima begani.

Jino la Claudine lilipona, ila wageni wakawa wanamwulizia yule mama asiyekunywa, hivyo Jumamosi zikabaki za Malika. Kaka yake Mahmoudi alipopata habari alikuja kumkanya. Malika alimwandalia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba nanasi likishatoka mikononi mwake ni sawa na binti aliyeolewa, mambo ya chumbani kwake mzazi hayaulizi. Mahmoudi alinung'unika sana, kisha akaomba aongezewe sukari.