Mshonaji wa Nashik na Kitabu Kilicholala Nje

Saa mbili asubuhi mvua ya Julai inapiga kwa ubavu, na Vasudha Kharkar anasogeza cherehani yake karibu na ukuta wa baraza. Chini ya blauzi ya bibi harusi anayoishona kuna daftari. Akimaliza mshono mmoja anaandika sentensi mbili, kisha anarudi kwenye sindano.

Mji wote wa Nashik, magharibi mwa India, unamjua kwa blauzi. Wachache wanajua kwamba ameandika vitabu vinne vya njozi vinavyosimulia upya utenzi mkuu wa Kihindi wa vita vya kale vya binamu kwa binamu, safari hii kwa mdomo wa mpishi wa jeshi, ambaye sufuria yake humwonyesha nani hatarudi kula.

Hata kimoja hakikuwahi kuingia nyumbani kwake. Sisi wa huku hadithi hiyo hatuiweki ndani, tunaamini huleta ugomvi wa ndugu. Na mama mkwe wake, Indumati, mwenye miaka themanini na moja, katika hilo alikuwa mkali kuliko kuhani.

"Miaka tisa naandika hapa nje kama paka aliyefukuzwa," anasema Vasudha akicheka. "Blauzi moja ni rupia mia tatu. Kitabu kinaninywesha chai tu."

"Nakusikia, binti!" sauti inatoka ndani. "Kilichofukuzwa ni kitabu, si wewe!"

Kitabu cha tano ndicho cha mwisho, na mchapishaji wa mji wa Pune anautaka mswada kabla ya Diwali, sikukuu ya taa. Wiki iliyopita mvua ililowesha kurasa arobaini. Vasudha alilia bila kujificha, ndipo Indumati akatoka.

Nyumba hii imekatwa katikati kwa ukuta wa matofali unaopita jikoni. Ulijengwa miaka sita iliyopita, mume wa Vasudha na mdogo wake Madhav walipogombania urithi. Hawajasalimiana tangu siku hiyo.

"Kitabu hakikukanyaga humu, na wanangu wakagombana vilevile," anasema Indumati. "Sasa nilikuwa nakizuia cha nini?"

Alibeba madaftari mwenyewe, akayaanika karibu na jiko. Kisha akataka asomewe. Siku nne sasa anasikiliza, na anakosoa kila kitu, hasa dengu za yule mpishi.

Ana ombi moja: mwishoni, ndugu mmoja abishe hodi kwa mwenzake.

"Mama, hadithi ni ya kale, wanauana wote," Vasudha anamwambia. "Nitaibadilishaje?"

"Sufuria inayojua wafu umeitunga, hodi ndiyo inakushinda?"

Vasudha anainama na kuandika, na kwa mara ya kwanza leo blauzi inasubiri.

Amepanga nakala ya kwanza iwe ya Madhav. Alifikiria kuituma kwa posta, ingawa shemeji yake huyo yuko upande wa pili wa ukuta, na akikohoa humsikia.

"Posta ya nini?" anauliza Indumati. "Nitampelekea mimi, nibishe mpaka afungue. Wewe andika upesi, mwanangu. Miguu hii haimngoji mtu."